Goti la Pili

Shangazi Rukia alikufa siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri, na waliokuja kuhani walikubaliana kwamba ni kifo chema. Mimi sikukubali wala sikukataa. Simu nilipigiwa na Maryam, binti yake, akaniambia mama ametutoka na waoshaji wanataka mwanamke wa damu awe nao, kisha akaongeza, "ukiweza," maana alijua vizuri kwamba mimi na mama yake tulikuwa hatupikiki chungu kimoja kwa karibu miaka thelathini. Nikamwambia nakuja. Nikavaa, nikachukua fimbo ambayo siihitaji ila kwenye ngazi, nikateremka kutoka Gihosha ninakokaa hadi nyumba ile iliyo nyuma ya lililokuwa soko kuu, nyumba niliyoishi nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka ule wa vikwazo na vita. Wenzangu wa rika langu hapa Bujumbura wanaukumbuka mwaka ule kwa majina ya watu waliowazika. Mimi nami nina majina yangu. Lakini ukiniuliza ghafla, kabla sijajipanga kujibu kama mtu mzima, nitakwambia ule ulikuwa mwaka wa goti, na sioni haya. Vita humgusa kila mtu pale vinapomkuta, na mimi vilinikuta kwenye ngazi.

Nyumba yenyewe ilianza mbele kwa duka la vitambaa, ikafuata sebule ya wageni, kisha pazia, kisha chumba cha wanawake, ua, jiko, na huko mwisho kabisa vyumba viwili vya kupangisha. Pazia lilikuwa la mahameli ya kijani, robota zima ambalo baba aliliagiza na hakuna mteja aliyelitaka, basi likashonwa likawa ukuta wetu. Mwanamume asiye wa nyumbani alikaa upande wa makochi, sisi upande wa mikeka, na maneno yalipita katikati bila kizuizi, maana mahameli huzuia macho tu. Baba alikuwa amekwenda Kigoma kutafuta mzigo wiki chache kabla nchi jirani hazijafunga mipaka, meli zikaacha kuja bandarini, naye akakwama huko huko. Nyumba ikabaki mikononi mwa dada yake. Shangazi Rukia alikuwa mwanamke hodari, hilo simnyimi. Funguo za duka zilikuwa kiunoni mwake, sukari ilikuwa ndani ya kopo chini ya kitanda chake, na asubuhi alitupimia kijiko kimoja kimoja kama dawa. Alizungumza Kirundi na askari, Kifaransa kibovu na watu wa ofisini, Kiarabu na Mungu. Mabomu yakianguka upande wa milimani alikuwa akisema, "Hayo yana wenyewe," kisha anaendelea kuchambua mchele. Kitu kimoja tu kilimtetemesha duniani, nacho ni midomo ya watu.

Nilianguka mchana, saa nane hivi. Nilikuwa juu ya paa la saruji tulikokuwa tukianika pilipili, mlio ukaja wa karibu kuliko siku zote, nikashuka mbio, kidato cha mwisho sikukiona, goti la kulia likapiga sakafu. Likavimba, likapungua, nikalisahau. Baada ya wiki kadhaa likaanza kurudi lenyewe, polepole, kama unga uliotiwa hamira, bila maumivu makali, ila lilikuwa zito na kaidi. Lilikataa kukunjika kwenye sijda, lilikataa kunyooka nilipoamka. Shangazi akalichua kwa mafuta ya karafuu ya moto, akalisomea, akalifunga kanga. Lilipokataa akalichua tena kwa nguvu zaidi, akiamini kwamba goti, kama mtoto, hushindana na mtu ili lione atachoka lini. Kila alipolichua lilizidi.

Aliyesema kweli kwanza ni Mama Neema. Huyu alikuwa mpangaji wetu wa uani, Mkongomani wa Uvira, Mprotestanti wa kuimba alfajiri, aliyevuka mpaka na mabegi mawili na sufuria. Kule kwao alikuwa amefanya kazi hospitalini miaka mingi. Hakuwa muuguzi, alikuwa katika wale wanaofua mashuka na kuwageuza wagonjwa vitandani, ambao mwishowe hujua mengi bila mtu kuwauliza. Hapa Bujumbura aliuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Siku moja nilikuwa nimekaa jikoni juu ya kigoda nikimenya vitunguu, mguu nimeunyoosha mbele, naye akaacha kupepeta ndagala zake akalitazama gauni langu pale lilipotuna.

"We Zuwena, ile goti iko na mayi."

"Maji gani? Ni uvimbe tu wa kuanguka, Mama Neema."

"Apana. Mi nilishaonaka magoti ya vile. Uvimbe ya kuanguka inaendaka. Mayi inabakiaka." Akarudi kwenye ndagala zake. "Ambia shangazi yako aite docteur. Mi nikimwambia, atasema naingilia."

Daktari hakuwa mbali. Docteur Bisimwa, mzee mrefu mwenye asili ya Bukavu aliyekuwa na chumba chake cha matibabu Buyenzi, alikuja kwetu kila Alhamisi kumpima Shangazi presha. Alikuja kwa miguu, maana petroli ilikuwa adimu kuliko sukari, na visigino vya viatu vyake vilikuwa vimeliwa upande mmoja. Shangazi aliketi kochi la pili, akampa mkono ukiwa ndani ya gauni la mikono mirefu, naye akafunga kile kitambaa cha mashine juu ya nguo, akasikiliza, akaongeza makisio yake kichwani. Kisha alikunywa kahawa chungu kwa tende tatu akaondoka kabla njia hazijawa mbaya. Kwa muda wote huo wa Alhamisi hakuna hata mmoja wao aliyeona ajabu kumpima mtu kupitia nguo. Basi na mimi nikapangiwa Alhamisi.

Nililazwa kwenye mkeka upande wetu. Docteur akabaki kwenye kochi upande wake, akiwa karibu kiasi kwamba ncha za viatu vyake zilichungulia chini ya mahameli. Mikono na macho vingekuwa vya Mama Neema, akili ingekuwa ya Docteur, na Shangazi akasimama pale pazia linapokutana na ukuta, kama mwamuzi wa mpira. Wanawake wengi wa nyumba kama zetu walitibiwa hivyo na baadhi yao walipona, basi mimi nilitulia tuli, nikatazama dari.

"Mama Neema, pandisha nguo mpaka juu ya goti," Docteur akasema. "Angalia kwanza. Usishike. Kando ya goti mutu iko na mashimo mbili kidogo. Unaiona?"

"Siione, Docteur. Pale yote imejaa."

"Bon. Sasa angalia goti ya pili. Mashimo iko?"

Mkono wa Mama Neema ukafika kwenye pindo la gauni upande wa kushoto. Shangazi akaushika.

"La pili la nini?"

"Ya kulinganisha, Bibi."

"La pili ni zima, Docteur. Dharura hupimwa kwa kadiri yake. Bovu tumelifunua kwa sababu ni bovu, tena mbele ya mwanamke ambaye si wa dini yetu, na Mungu atatusamehe kwa udhuru huo. Zima lina udhuru gani?"

Upande wa pili wa pazia nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. "Bon," Docteur akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyetembea mbali na bado ana safari ya kurudi. "Tuendelee na moja. Mama Neema, weka mugongo ya mukono yako kwa goti. Iko moto?"

"Iko moto kidogo. Lakini mikono yangu inatoka mu mayi ya baridi ya kuosha samaki. Saa hii kila kitu iko moto."

Nikacheka. Shangazi akanikata jicho.

"Shika juu ya goti, sukuma mayi ikuye chini, kaza hapo. Na kidole ya mukono ingine finya kile kifuniko ya goti. Kinazama? Kinagonga mufupa?"

Mama Neema akafinya, akaacha, akafinya. Nakumbuka uso wake ulivyokunjana kwa kutaka kusema kweli. "Kinagonga, Docteur. Ao ni vile mifupa yake iko. Sijue. Ningegusa ile ingine, ningejua."

"Ile nyingine hapana," Shangazi akasema, na mambo yakaishia hapo.

Docteur akaandika kwamba nimeteguka. Nipumzike, nifunge bandeji, ninywe aspirini. Tangu siku ile nimekaa mbele ya madaktari wengi, na nimeona hata mwanafunzi mchanga kabisa, asiyejua pa kuweka mikono yake, akianza na mguu ulio mzima kabla ya kuugusa ulio mgonjwa. Goti peke yake halisemi kitu. Husema tu likiwa na mwenzake. Kosa letu lilikuwa la watu wenye elimu: tulikuwa na kanuni, ilikuwa kanuni ya kweli, na tuliifuata kwa ukamilifu hadi ikakaribia kunila mguu. Docteur naye simsamehe harakaharaka. Alijua. Aliona haya kuvunja adabu ya nyumba aliyokuwa akinywa kahawa yake. Na mimi mwenyewe nilikuwepo pale mkekani, nina mdomo, nikatazama dari.

Miezi mitatu ikapita. Mchana nilikuwa na homa ndogo ya saa kumi ambayo ilikuja kama mgeni aliyealikwa, na mashuka yangu yalilowa jasho. Goti likawa kama embe bolibo, na juu yake paja likasinyaa, hata nikivaa suruali ya ndani upande mmoja ulipwaya. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na sombe, yale majani yake, mara chache mukeke pale wavuvi waliporuhusiwa ziwani, na hapa lazima niseme haki: siku za mukeke Shangazi alinipa kichwa, na siku nyingi alikunywa chai kavu kwa sababu kijiko chake cha sukari kilikuwa kimeingia kikombeni kwangu. Alikuwa akinipenda. Kwa hiyo nilikasirika zaidi baadaye, maana mtu asiyekupenda unajua pa kumweka.

Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia alasiri moja, wao wakidhani niko uani. Shangazi alikuwa sebuleni na mama mmoja wa ukoo wetu, mama mnene mwenye sauti ya pua, ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa Maskati. Walikuwa wakila visheti.

"Maskati wanataka picha," yule mama akasema.

"Picha ninayo. Nzuri. Ya uso."

"Na mguu? Watu wanasema anachechemea."

"Watu gani? Ameteguka tu. Akifika huko atakuwa ameshapona."

"Na asipopona?"

"Asipopona, ndoa itakuwa imeshafungwa." Wakacheka kidogo, kicheko cha wanawake wenye visheti mdomoni. "Mpangaji wangu kila siku hospitali, hospitali. Nimpeleke hospitali mji mzima ujue? Hapana. Atakaa ndani mpaka lipungue."

Sikulia. Nilitazama mahameli yale ya kijani na nikainuka nikaketi mkekani. Huyo mume wa Maskati sikuwa na habari naye, amwoe amtakaye. Kilichoniuma ni kwamba nililala kimya miezi mitatu nikidhani namtii Mungu, kumbe nilikuwa natii midomo ya watu. Mungu hakuwahi kuulizwa. Nikatia mkono chini ya gauni nikalishika goti la kulia, halafu la kushoto, moja mkono huu na jingine mkono ule, na kwa mara ya kwanza nikafanya nilichokatazwa. Sikuhitaji daktari kuniambia. Niliogopa sana, na ndani ya hofu ile nikajua ninachokitaka: nilitaka mguu wangu.

Alhamisi ilipofika nilikwenda dukani nikachukua futi ya kupimia vitambaa, ile ya utepe wa njano, nikaivaa shingoni. Nikamwambia Mama Neema asiende sokoni asubuhi ile, na hakuuliza kwa nini. Nilingoja hadi nikasikia pumzi ya ile mashine ya presha, fuu, fuu, nikajua Shangazi ameshafungwa mkono. Nikalishika pazia, nikalisukuma, nikatoka upande wa makochi. Nikaketi mbele ya Docteur Bisimwa, nikapandisha miguu yangu yote miwili juu ya meza ya kahawa, kando ya sahani ya tende, nikavuta gauni hadi juu ya magoti.

"Docteur," nikasema, "tazama yote mawili."

"Zuwena! Astaghfirullah! Funika!" Shangazi alitaka kuinuka akashindwa, kwa sababu mpira wa mashine ulikuwa umemfunga kwenye kochi.

"Sifuniki."

"Unaniaibisha mbele ya mtu!"

"Mficha uchi hazai, Shangazi."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Wewe."

Docteur alikuwa ameganda, kichwa kikimgeukia Shangazi kuomba ruhusa, na nadhani hapo ndipo nilipopandisha sauti kuliko nilivyowahi kuipandisha ndani ya nyumba ile. "Usimtazame yeye! Goti ni langu. Nitakayechechemea ni mimi. Nitazame mimi!" Nje mtu alikuwa akipiga nyundo bati, akaacha, ingawa hiyo ilikuwa bahati tu.

Yule mzee akavua saa, akaomba maji ya kunawa. Mama Neema, ambaye tayari alikuwa mlangoni, akaleta birika. Docteur akajifuta, akapiga goti moja chini kwenye zulia kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu, akasema, "Bon. Tunaanza na nzima."

Alitazama kwanza. Goti langu la kushoto lilikuwa na mashimo yake mawili kando ya pia ya goti, madogo, ya kutosha kidole gumba, na la kulia halikuwa na kitu, lilikuwa limeviringana kote. Akaweka mgongo wa mkono juu ya hili, kisha lile, kisha hili tena. Akaniomba ile futi, akapima vidole kadhaa juu ya goti, akazungusha utepe kwenye paja la kushoto, akaweka alama kwa kucha, akazungusha kulia. Paja la kulia likaishia upana wa vidole vitatu kabla ya ile alama. Akaugusa mguu wa kushoto: akasukuma kwa kiganja kutoka juu, akabonyeza pia ya goti, nayo haikwenda popote, ilikuwa imekaa kwenye kiti chake. Akafanya vilevile kulia. Pia ikazama, ikagonga mfupa chini, tok, akaachia ikaelea juu. Tok tena. Nilisikia mwenyewe, na hata Shangazi alisikia, kwa sababu alinyamaza katikati ya istighfari.

"Eh! Sasa naona!" Mama Neema akasema kutoka mlangoni. "Kumbe ile siku ilikuwa inagonga!"

"Ilikuwa inagonga," Docteur akasema. Hakuinuka. "Mutoto, mi nilikosa. Ile siku ningepaswa kuomba goti ya pili mara mbili, mara tatu, ao kukatala kuandika. Hii si entorse, si kuteguka. Kesho hospitali, watoe mayi, waipime. Mwezi moja ingine na ningekuwa hapa nasema mambo ya kukata." Kisha akamgeukia Shangazi, kwa upole, akamfungua ile mashine. "Bibi, leo presha sikuisoma."

Shangazi akainuka, akaingia chumbani kwake, hakutoka hata kula. Nilidhani nimeshampoteza na nikajiambia potelea mbali. Lakini kulipopambazuka nilimkuta mlangoni, buibui mwilini, kopo la sukari ndani ya kikapu, na jirani mwenye gari akiwa na petroli ambayo mpaka leo sijui Shangazi aliipataje. Hakunisalimia. Tukapanda, yeye mbele, mimi na Mama Neema nyuma.

Kwenye kizuizi askari kijana alituteremsha. Akaona bandeji kubwa chini ya gauni, na siku zile kila kilichofungwa kilidaiwa maelezo.

"Nini iko ndani ya ile kitu? Fungua."

"Ni maji," nikamwambia. "Ukitaka kuyaona fungua mwenyewe, mimi nimeshazoea." Mama Neema akanifinya ubavu. Kulikuwa na foleni ya wanaume wenye vitambulisho mkononi, wote wakitazama. Hapo Shangazi Rukia akaja, akasimama kati yangu na ile foleni, akaikamata buibui yake pande zote mbili akaitandaza kwa mikono miwili, akawa pazia katikati ya lami. "Wewe tazama, baba, ndiyo kazi yako," akamwambia askari. "Hao wengine hapana." Kijana akafungua bandeji mizunguko miwili, akaona, akaifunga vibaya vibaya, akasema, "Pita, mama." Shangazi hakuishusha buibui hadi nilipokuwa ndani ya gari. Silisemi hili ili kumsafisha. Nalisema kwa sababu lilitokea, na tangu siku hiyo sijaweza kumchukia vizuri kama nilivyokusudia.

Maji yaliyotoka gotini yalijaza sindano nne, mazito yenye ukungu, na baada ya kupimwa tukaambiwa ni kifua kikuu. Shangazi akauliza kifua kimeshukaje hadi gotini, na daktari wa pale akamjibu kwa heshima. Nikatiwa plasta, nikameza vidonge hadi mkojo wangu ukawa rangi ya Fanta, mwezi baada ya mwezi, mwaka wote uliobaki. Mguu ukabaki wangu. Haukunjiki zaidi ya nusu, lakini ni wangu. Maskati wakapata picha nyingine. Baba aliporudi, meli zilipoanza tena, alinikuta natembea, akalia, akamshukuru dada yake, nami nikamwacha amshukuru. Shangazi aliniambia neno moja tu juu ya ile Alhamisi: "Siku ile ulinivua nguo mimi." Akangoja niombe radhi. Sikuomba. Nilimwambia kama kupimwa na daktari ni kuvuliwa nguo, basi yeye alikuwa uchi kila Alhamisi na mkono wake ndani ya mashine. Ndipo chungu chetu kikavunjika. Baadaye niliolewa na mtu aliyeniona nikija kwa mbali nachechemea, akawa na muda wa kutosha kufikiri. Nikisali mguu wa kulia unabaki umenyooka mbele, na wanawake wapya msikitini hunisogezea kiti kwa huruma, nami huwaambia, "Asante, kikalie wewe."

Sasa nirudi Ijumaa ile. Waoshaji walikuwa wanawake wawili watu wazima, wameshamfunika Shangazi shuka kutoka kifuani hadi chini ya magoti kama inavyotakiwa, na maji yanapitishwa chini yake kwa mkono uliofungwa kitambaa. Mimi nikapewa miguu. Nikaingiza mkono chini ya shuka, nikaanza na kulia, na mkono ukasimama wenyewe. Goti lilikuwa kubwa, limejaa, mashimo hayapo. Kwa mazoea tu, bila kuuamuru, mkono ukavuka ukaenda la pili. La pili lilikuwa goti la kikongwe, kavu, lenye mashimo yake mawili.

"Maryam," nikasema, "goti la mama lilikuwa na nini?"

"Goti? Mama alikuwa mgonjwa wa mgongo. Ndiyo maana alikuwa akisali kwenye kiti miaka yote hii."

"Nani alisema ni mgongo?"

"Yeye."

"Kuna daktari aliyemtazama?"

Maryam akanitazama kama nimetaja kitu kisichotajwa mbele ya maiti. "Unamjua mama."

Nilimjua. Kuna methali ya mficha maradhi, na wewe unayesoma umeshaimalizia kichwani, lakini mimi siisemi juu yake. Nilikasirika kama nilivyokasirika nikiwa na miaka kumi na saba, na nikalia, na hasira haikuondoka kwa kulia. Miaka yote hiyo, nyumba yangu na yake zikiwa mwendo wa nusu saa, mtu mmoja mjini ambaye angemwambia la kufanya bila kumcheka alikuwa mimi. Mmoja wa waoshaji, kwa udadisi tu, hakuwa na ubaya, akashika ncha ya shuka. "Hebu tulione," akasema.

Nikaukandamiza mkono wake juu ya shuka. "Liache. Goti ni lake."

Tukammalizia chini ya sitara, kulia, kushoto, hadi mwisho. Alipochukuliwa nilikaa kwenye mikeka na wanawake wengine, chumba kile kile, ingawa mahameli yalishaondolewa zamani kukawekwa mlango wa mbao. Mguu wangu ulikuwa mbele yangu, ndani ya gauni refu, umenyooka katikati ya njia kama kawaida yake. Wanaume wa ukoo walikuwa wakipita mlangoni kutoa pole. Maryam akaja taratibu, akainama, akatandaza kanga juu ya mguu ule, ili usionekane ulivyokaa. Nikaitoa kanga, nikaikunja mara nne, nikaitia chini ya kisigino. Mguu ukakaa vizuri zaidi.